Ndege hairuki sana, mipira ya injini ya kubadilisha ya nini?

Hili ndo swali tunaloulizwa kila wiki. "Fundi, hiyo ndege iko tu hanga, masaa yenyewe iliyoruka ni ya kuhesabu, na hakuna kinachovuja, sasa mnataka kubadilisha mipira ya nini tena?" Mipira yenyewe ni zile paipu laini zinazopitisha petroli na oili kwenye injini. Tunakuelewa kabisa maana ndege ni gharama juu ya gharama na kitu kisichovuja mtu anaona kizima. Lakini mpira hauangalii masaa umeruka mangapi, unazeeka kwa miaka, na ndege ya kukaa kaa haina nafuu yoyote hapo.

Ukiwa hewani upepo unapita kwenye injini unaipooza. Ukishatua ukazima, upepo umekata, ila silinda na ekzosi bado ni za moto vibaya sana, na lile joto lote linabaki limefungiwa humo chini ya kifuniko, linaipika mipira taratibu. Halafu petroli na oili nazo zinanyonya ule ulaini wa mpira, ndege ikikaa muda mrefu mafuta yakipungua ndani ya paipu mpira unakauka na kuanza kupasuka. Kwa hiyo hata kama hujaruka kokote uzee unaendelea.

Chukua ule mpira unaoenda kwenye kipoza oili, huwa tunapenda kumuonyesha mteja mwenyewe. Ukiufungua ukauweka mezani unabaki umejikunja vile vile ulivyokaa kwenye injini, haulegei. Jaribu kuunyoosha kidogo utasikia unalia kakaka, ukiupasua kwa kisu ndani unakuta nyufa nyufa za mzunguko pale kwenye kona, na nje ulikuwa msafi, ungeufuta vumbi ungesema mpya.

Wa petroli una ujanja mwingine. Ngozi ya ndani inaachia, kipande kinaning'inia humo humo ndani ya paipu, chini injini inanguruma vizuri tu, ukija kuweka pawa yote upae mafuta yanataka kupita kwa wingi kile kipande kinafunga njia. Na vipunje vinavyomeguka vinaishia kwenye chujio la kabureta, au kama ni injini ya injekta basi kwenye vile vitundu vidogo. Watu wanahangaika na plagi na magineto (inayozipa plagi umeme wa cheche) wiki nzima kumbe tatizo ni mpira.

Wa oili ukipasuka hata hauhitaji maelezo, pampu yenyewe ndo inaimwaga nje ndani ya dakika chache, tena jirani na ekzosi. Hapa usisahau kampira kembamba kanakoenda kwenye geji ya presha ya oili, watu wengi hukaruka. Kwenye injini nyingi kiungio chake upande wa injini kina kitundu kidogo sana makusudi, ili kampira kakikatika oili itoke kidogo kidogo upate muda wa kutafuta pa kutua. Tumeshakuta mtu katoa hicho kaweka cha kawaida cha tundu pana kwa sababu kilikuwa "kimeziba".

Sasa muda. Vitabu vya matengenezo vya Cessna nyingi ndogo vinasema mipira ya kawaida kwenye injini ibadilishwe kila miaka 5 au wakati wa ovaholi (injini inapofunguliwa yote na kufanywa upya), kinachotangulia, na ile ya teflon, yaani yenye ndani ya plastiki isiyosumbuliwa na joto, miaka 10. Rotax 912, injini ya ndege ndogo nyepesi, nao wanataka vitu vya mpira vibadilishwe kila miaka 5. Ya ndege yako angalia kitabu chake. Tarehe utaikuta kwenye kibati kilichofungwa kwenye mpira, ukiona 3Q19 maana yake ni robo ya tatu ya mwaka 2019. Kibati hakipo au hakisomeki? Sisi tunauhesabu umekwisha.

Tukiulizwa tunachopendelea ni teflon, pale kitabu kinaporuhusu, joto na petroli haviisumbui kihivyo. Ila nayo inashika umbo, ukiitoa usiinyooshe kabisa, funga waya kutoka ncha moja hadi nyingine ibaki ilivyo mpaka irudi mahali pake.

Ile soksi nene inayovalishwa mpira kwa nje kuukinga na moto nayo ina kazi, kwenye mpira wa kuhimili moto inatakiwa ustahimili dakika 5 kwenye moto wa karibu nyuzi 1,100 za Selsiasi. Ikishalowa oili ni utambi huo, haizuii tena kitu, na kuiosha na petroli ndo unaiharibu zaidi. Mpira wa gari na klipu za gari tafadhali usituletee tukufungie.

Wakati wa kufunga tunatumia spana mbili, moja inashika kiungio nyingine inakaza nati, bila hivyo mpira unajisokota. Kuna mstari umechapwa kwa urefu wa mpira, ukiuona unazunguka kama skrubu ujue umesokotwa, fungua uanze upya. Urefu unaachwa na ziada ya asilimia 5 hadi 8 kwa sababu presha ikiingia mpira unaweza kufupika, ukiubana ukanyooka kama kamba ya kuanikia nguo unavuta viungio. Kila mpira tunaupuliza ndani kutoa mabaki ya kukata, tunaupima presha, na ukishafungwa injini inawashwa kifuniko kikiwa wazi tuangalie liki.

Ukitaka kuagiza usitupimie kwa uzi wala picha peke yake. Tuletee mpira wenyewe wa zamani, kila mmoja na karatasi inayosema ulitoka wapi kwenda wapi, na kama una kona ncha zote mbili usizizungushe, maana ile pembe kati ya kona na kona ndo tunayoinakili.