Nyama ya farasi: kinyaa si kipimo cha usalama

Mhariri,

Habari ya nyama ya farasi ikitoka tu, mjadala huanzia kwenye kinyaa na kuishia hapo hapo. Kinyaa ni haki ya mtu, lakini hakimwambii mlaji kama nyama ni salama.

Kila jamii ina msingi wake. Torati huruhusu mnyama mwenye kwato zilizopasuka na anayecheua. Farasi hana sifa hata moja kati ya hizo. Waislamu wana hadithi ya vita vya Khaibar: Mtume alikataza punda wa kufugwa, akaruhusu farasi, ingawa mwanazuoni wa sheria Abu Hanifa aliiona nyama hiyo kuwa makuruhu, yaani isiyopendeza kuliwa. Mwaka 732 Papa Gregori wa 3 alimwagiza mmisionari Bonifasi aikomeshe miongoni mwa Wajerumani. Ufaransa ikaja kuruhusu bucha zake mwaka 1866. Wakazaki ndio kabisa, ni chakula cha heshima: mbavu na mafuta yake hutiwa chumvi, pilipili manga na kitunguu saumu, zikashindiliwa kwenye utumbo wa farasi na kuchemshwa taratibu. Huiita kazy.

Hatari halisi iko kwingine. Farasi wa mbio na wa kupanda hupewa fenilibutazoni, dawa ya maumivu na uvimbe, ambayo kwa binadamu inaweza kudhoofisha uboho. Katika Umoja wa Ulaya, farasi aliyeipata hata mara moja haruhusiwi kuwa chakula maisha yake yote, na pasipoti yake, yaani hati ya utambulisho wake, lazima ionyeshe hivyo. Ndiyo maana kashfa ya 2013, baga za "ng'ombe" zilipokutwa na farasi, haikuwa ya ladha tu: aliyeficha aina ya mnyama alificha pia rekodi ya dawa.

Kisha kuna minyoo ya trikinela, ambayo farasi huweza kuwa nayo japo anakula majani. Mkaguzi huchukua kipande cha ulimi au msuli wa taya, husaga angalau gramu 5, huziyeyusha kwa pepsini na asidi, kisha hutafuta viluwiluwi kwa hadubini. Wajapani wanaokula nyama ya farasi mbichi huigandisha hadi kitovu cha pande kikae nyuzi -20 kwa saa 48. Hiyo huua vimelea vya Sarcocystis, lakini kwa trikinela isitegemewe. Jikoni, ifike nyuzi 71 katikati. Kwa kuwa haina mafuta mengi, moto mkali huikausha. Ipikwe kwa mchuzi na moto mdogo.

Waandishi wenu wakiandika tena habari hii, waulize kwanza pasipoti ya farasi na cheti cha maabara.

Mkaguzi wa nyama