Simu yako na kugoma kula kwa Neema

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kwako na kwa Baba Neema. Umeuliza ni programu gani ya simu itamfanya Neema ale. Ya kumlisha mtoto hakuna, shoga yangu. Zilizopo zinamsaidia mzazi. Child Feeding Guide, ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, inaeleza kwa nini watoto hugoma, na kwa nini kulazimisha au kuhonga kwa biskuti kunazidisha ugomvi. Ni ya Kiingereza, lakini hata bila hiyo simu yako inatosha.

Wiki ya kwanza usibadilishe kitu. Andika tu kila kinachopita kinywani na muda wake, juisi na maziwa yakiwemo. Mara nyingi jibu liko hapo: mtoto wa miaka miwili akizidisha nusu lita ya maziwa kwa siku, njaa ya ugali aitoe wapi? Tena maziwa yana madini ya chuma kidogo sana. Kisha tega kengele za milo mitatu na vitafunio viwili. Katikati apewe maji tu.

Sasa tuje kwenye mboga, tuseme mchicha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, katika mradi wa See & Eat, hutumia vitabu vya picha vya kwenye simu, kwa sababu mtoto huikubali kwa urahisi zaidi mboga ambayo macho yameshaizoea. Tengeneza chako: piga picha mchicha ukiwa gengeni, ukioshwa, ukikatwa, ukiwa sufuriani, kisha sahanini. Kitazameni pamoja dakika chache kila siku kwa wiki mbili, mbali na muda wa kula. Baada ya hapo weka kijiko kimoja kidogo kando ya chakula anachokipenda. Usiufiche ndani ya wali; akigundua, atasusa na wali.

Kila ukimpa, andika tarehe. Mtoto anaweza kuhitaji kuonja mara 8 hadi 15, na wazazi wengi hukata tamaa kwenye ya nne au ya tano wakidhani wameshajaribu sana. Akilamba na kutema, hesabu.

Katuni mezani, hapana. Anameza bila kujua kama ameshiba, na siku bando likiisha hafungui mdomo. Programu za kuhesabu kalori nazo achana nazo, ni za watu wazima. Hamu ya mtoto ya kula hupanda na kushuka, kwa hiyo angalia alichokula kwa wiki nzima, si kwa mlo mmoja.

Ila uzito usipopanda kwenye kadi ya kliniki, au akipaliwa na kutapika mara kwa mara, au vyakula anavyokubali vikizidi kupungua, usingoje mara ya 15. Mpeleke kliniki, na uwaonyeshe ulichoandika kwenye simu. Kitawasaidia kuliko kusema “hali kabisa”.

Rafiki yako,
Mama Salma