Usiitoe kwanza pikapu kwa wakala

Swahiba,

Salamu kwanza, kisha pole. Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti, nikaurudia, maana mara ya kwanza hasira zilinifikia kabla ya maneno. Pikapu bado mpya, servisi zote umezifanya kwao, halafu inakaa uwanjani kwa wakala wiki baada ya wiki huku wewe ukizunguka kuazima magari ya watu ili kazi zisilale. Na benki haina habari na spea. Tarehe ikifika inakata chake.

Katika yote uliyosema nimeshika swali moja: uitoe uipeleke kwa fundi wako wa siku zote, au uendelee kungoja? Usiitoe. Walau si sasa. Fundi wako namjua, na mikono yake siitilii shaka. Tatizo ni kwamba wewe mwenyewe hujui gari limekwama kwenye hatua ipi. Anayeondoka bila kujua hilo anaweza kufika kwa fundi wake akangoja kitu kilekile, safari hii kwa pesa zake.

Tukisema waranti, ile dhamana ya gari jipya, tunadhani ni jambo kati yetu na gereji. Sivyo. Yupo mtu wa tatu ambaye humwoni pale mapokezi, naye ndiye mwenye mfuko: kiwanda. Wakala anatengeneza, kisha anapeleka madai kiwandani ili arudishiwe gharama za spea na saa za fundi. Madai yakikataliwa, hasara ni yake. Ndiyo maana kazi ndogo kama swichi au sensa huisha haraka, lakini ikifika kwenye pampu, giaboksi au injini, hakuna anayeshika spana mpaka idhini itoke. Kiwanda kinataka picha, kinataka namba za hitilafu zilizosomwa na kompyuta, wakati mwingine kinataka sampuli ya oili au ya mafuta, na kinaweza kuwaambia wasifungue chochote mpaka mhandisi wake aangalie. Fundi anaweza kuujua ugonjwa siku ile ile ya kwanza na gari bado likakaa mwezi.

Sasa wewe umeniambia wamekuta chenga za chuma kwenye filta ya dizeli. Hapo ndipo nilipoacha kushangaa. Pampu ya presha ya juu kwenye hizi injini za kisasa inasukuma dizeli kwa presha inayoweza kupita baa 2,000, na kwa nyingi kinacholainisha vyuma vyake vya ndani ni dizeli hiyohiyo inayopita. Maji yakiingia, au mtu akichanganya petroli au mafuta ya taa, ulaini unapungua na vyuma vinaanza kulana. Pampu inaweza pia kujila yenyewe kwa udhaifu wa jinsi ilivyobuniwa, mafuta yakiwa masafi kabisa. Kwa vyovyote vile, chenga husafiri. Zinaingia kwenye mabomba, zinafika kwenye nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya injini, ambazo matundu yake ni madogo kupindukia, na nyingine zinarudi tanki kupitia bomba la marejeo. Anayebadilisha pampu peke yake anaiweka mpya izikute chenga za zamani. Kazi kamili ni pampu, bomba la kugawa mafuta, nozeli zote, mabomba yake, na tanki kuoshwa.

Bili ya namna hiyo inamtoa jasho hata mwenye kiwanda. Kwa hiyo swali lao la kwanza haliwi pampu imekufaje. Linakuwa, mafuta yalikuwa safi? Waranti karibu zote zinakataa uharibifu uliosababishwa na mafuta machafu, na jibu la sampuli ndilo litakaloamua nani analipa. Nguvu zako zipeleke hapo, usizimalize kwa kumfokea binti wa mapokezi. Uliza sampuli ilichukuliwa lini, ilichukuliwa kwenye filta au kwenye tanki, na nani aliyeipima. Taka majibu kwa maandishi. Kama bado hawajachukua, omba uwepo wakati inachukuliwa, na chupa ya pili ifungwe mbele yako ibaki kwako. Kusanya risiti zako za mafuta, hata zile zilizofifia kwenye droo ya dashibodi. Na kama ile taa ya maji kwenye mafuta haikuwahi kuwaka, waombe waonyeshe kompyuta ya gari inasema nini juu ya hilo, maana mara nyingi tukio kama hilo huacha kumbukumbu.

Yangu ilikuwa giaboksi. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, ikitoka gia ya pili kwenda ya tatu inapiga teke mpaka mzigo wa nyuma unasogea. Kila nikipiga simu kuuliza litakuwa tayari lini, jibu ni lile lile, "tunalishughulikia." Siku nilipokwenda mwenyewe nikaomba namba ya madai na tarehe yaliyopelekwa, yule bwana alinyamaza, akafungua kompyuta, akanyamaza tena. Madai yalikuwa yamerudishwa kwa sababu picha moja ilikosekana. Hakuna aliyekuwa amekataa kitu, wala hakuna spea iliyokuwa imeagizwa. Karatasi ilikuwa imelala, na gari nalo limelala juu yake. Sikugomba. Nilikaa palepale kwenye kiti cha wateja mpaka picha ikapigwa, madai yakaondoka, nikapewa namba. Kuanzia siku ile walinipigia wao.

Basi swali la "lini" liache, maana aliye mapokezi hana jibu lake na atakubunia. Uliza uchunguzi umekwisha au bado. Umekwisha? Madai yamepelekwa? Yamekubaliwa? Spea imeagizwa kwa oda namba ngapi, na ghala limesema itatoka tarehe ngapi? Ikifika, ni fundi gani ataifunga, na mbele yake kuna magari mangapi? Hilo la mwisho watu hulisahau. Gereji inaweza kuwa na mafundi wengi wa kubadilisha oili na mmoja tu aliyesomea mifumo ya dizeli, na huyo mmoja akienda likizo, spea yako inakaa kwenye boksi. Tena pale ambapo fundi analipwa kwa kazi, saa ambazo kiwanda kinazikubali kwa kazi ya waranti mara nyingi ni chache kuliko zile anazolipa mteja wa fedha taslimu. Simlaumu fundi, yeye naye ana watoto. Lakini ujue kwa nini gari la jirani linatangulia.

Kuhusu spea zenyewe, upya wa gari ndio unaokuchelewesha. Pikapu ya miaka kumi na tano unapata spea yake kila duka, ukikosa mpya unapata ya gari lililokatwa, ukikosa hiyo unapata ya kuigiza. Modeli yako haijaanza kufa, kwa hiyo hakuna mizoga ya kuchuna. Watengenezaji wa spea mbadala bado hawajaifikia. Na chache zinazotengenezwa zinagombewa na kiwanda kinachounda magari mapya. Unakumbuka mwaka 2021, chipu zilipoadimika dunia nzima? Pikapu zilizokwisha kuundwa ziliegeshwa viwanjani kwa maelfu zikingoja vifaa vya umeme. Ikiwa gari la kuuza lilikosa, lako lililokwisha kuuzwa lingepata wapi? Uhaba ule umepungua, lakini foleni ni ile ile: linaloingiza pesa mpya hutangulia.

Hapo ndipo ninaporudi kwa fundi wako. Nozeli za siku hizi huwa na namba zake ambazo kompyuta ya injini inapaswa kuambiwa, kila moja na silinda yake. Moduli mpya, yaani kompyuta ndogo ya gari, nayo haifungwi tu ikafanya kazi. Inaingiziwa programu ya kiwanda kulingana na namba ya chasisi. Muulize kama anayo mashine ya kufanya hayo kwa modeli yako. Kama anayo, vizuri, tumweke akiba. Lakini akiigusa pampu leo, kabla kiwanda hakijaamua, umewapa sababu ya kukataa wakiwa wamekaa. Watasema chenga zimeingia kwake, nawe utathibitishaje?

Kitu kingine: waranti inafuata gari, haifuati wakala. Kwa kawaida wakala yeyote wa chapa hiyo anaruhusiwa kuifanya kazi. Sisemi uhame, maana ukihama unaingia nyuma ya foleni nyingine na kulivuta gari lenye injini iliyofunguliwa ni balaa. Ila mpigie wa pili umuulize kama spea zile anazo. Wakati mwingine kitu kinachosubiriwa kutoka ghala la mbali kimekaa kwenye rafu ya mwenzake. Na kiwanda chenyewe kina kitengo cha wateja. Waandikie, ufunguliwe faili lenye namba. Wakala akijua kuna faili, mambo husogea. Nimeliona hilo kwa macho yangu, ingawa sikulipenda, kwani lilimaanisha mnyonge asiyejua kuandika barua anaendelea kungoja.

Kila kitu kiwe kwenye karatasi. Siku uliyolipeleka, kilomita zilizosomeka, malalamiko yako kwa maneno yako mwenyewe, si "mteja anasema gari halina nguvu." Ulizungumza na nani, akakuambia nini. Baada ya kila maongezi tuma ujumbe mfupi: "kama tulivyozungumza leo." Hii si ya kujitafutia kesi. Ni kwa sababu muda wa waranti unatembea huku gari limesimama, na ukiisha kabla hawajamaliza, tarehe uliyolalamika kwanza ndiyo ngao yako. Marekani, ambako kuna sheria ya waranti ya mwaka 1975, mamlaka ya biashara inawaambia watu hivyo hivyo: ukiripoti tatizo ndani ya muda na lisitengenezwe ipasavyo, wanapaswa kulimaliza hata muda ukishapita. Huko huko, majimbo yana sheria za kulazimisha mwenye gari jipya abadilishiwe au arudishiwe pesa likikaa gereji kupita kiasi; California wanatumia kipimo cha zaidi ya siku 30 katika kipindi cha mwanzo cha gari. Umoja wa Ulaya nao unataka matengenezo yafanywe kwa muda unaofaa na bila kumsumbua sana mnunuzi. Tafuta sheria yako inasemaje, na usome kile kijitabu cha waranti mpaka maandishi madogo. Hapo utakuta pia, pengine, kwamba hawalipi mapato uliyoyakosa. Wengi wameliandika hilo. Lakini gari la kuazima liulizie, na uulizie kama watakuongezea muda ambao gari limekaa kwao. Asiyeuliza hapewi, ingawa anayeuliza naye hana uhakika.

Nenda kaliangalie gari lenyewe, usiishie dirishani. Gari la kisasa hata likizimwa kompyuta zake zinaendelea kunywa betri, na betri ikishuka sana zinaanza kutoa hitilafu za uongo ambazo baadaye utaambiwa ni mpya. Waambie waiunganishe na chaja. Angalia upepo wa matairi. Angalia kama boneti limeachwa wazi, maana panya wanapenda nyaya. Piga picha bodi pande zote, kilomita na geji ya mafuta. Vifaa vyako vyote vya kazi vitoe. Kama lile boksi la spana bado liko nyuma ya kiti, hapo mimi nawe tutagombana.

Na lini uitoe? Siku kiwanda kitakapokataa kwa maandishi, na sababu yao ukaipeleka kwa mtu huru akaipima, na bado ikasimama. Hapo mwite fundi wako, mpigie hesabu ya mfumo mzima wa mafuta, si pampu tu. Au siku utakapojua kwamba spea haina tarehe kabisa na fundi wako anaweza kuipata kihalali. Hapo unapima pesa zako dhidi ya siku zako, na hesabu hiyo unaijua wewe. Kabla ya hapo, ukiitoa unawapumzisha wao.

Kesho nenda asubuhi, kabla hawajazidiwa na watu. Omba namba ya madai, na majibu ya sampuli kama yapo, kisha nipigie nikiwa bado mezani nikusaidie kuandika barua ya kiwandani; ya kwangu ninayo, tutabadilisha majina na namba. Pikapu yangu siitumii Jumamosi na Jumapili, ichukue usafirishe mizigo yako. Giaboksi ni nzima sasa, ila usiikimbize ikiwa ya baridi, mimi bado nina hofu nayo. Msalimie shemeji na watoto.

Wako daima.