Mashimo ya kifusi Tabora yafukiwe kabla ya mvua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mashimo yanayoachwa wazi baada ya kuchimbwa kifusi cha barabara pembezoni mwa mji wetu wa Tabora. Kiangazi hayamtishi mtu, watoto wanacheza mpira humohumo. Mvua zikianza Novemba yanajaa, na yale maji mekundu hayakuonyeshi kina.

Mwaka juzi mtoto wa jirani yangu, wa miaka saba, alimfuata mbuzi hadi kwenye shimo la kifusi nyuma ya mtaa wetu. Tulipofika tulikuta kandambili zake ukingoni, kazipanga vizuri, maana mama yake alimkataza kuzilowesha. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anaosha pikipiki upande wa pili ndiye aliyejitosa akamtoa mzima. Ukingo ule umekatwa wima na kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kama ukuta wa nyumba, hata mtu mzima akiteleza hana pa kushika. Mbuzi tulimwopoa jioni, kafa.

Shimo lilichimbwa na mkandarasi wa barabara. Barabara yenyewe tunaipita kila siku na tunashukuru. Lakini matipa yalipobeba kifusi cha mwisho, hakuna aliyerudi kuangalia pale kilipotoka. Nilikwenda ofisi moja kuuliza, nikaelekezwa ya pili, na ya pili ikanirudisha ya kwanza.

Mhariri, sisi watu wa huku hatuwezi kuchukia kuchimba. Tunachimba visima na vyoo, tunachimba viazi vya kuchemsha na kukausha viwe matobolwa, tunachimba vichuguu tupate udongo wa matofali. Mvua za kwanza zikinyesha, watoto wanachimba kishimo kando ya kichuguu na kuweka taa usiku, kumbikumbi wanamiminika humo mpaka ndoo inajaa. Na msiba ukitokea, vijana wa mtaa wanashika sururu na mabeleshi bila kuulizana nani atalipa. Makaburini hakuna anayeondoka kabla udongo haujarudishwa wote, hata kama jua linazama na watu hawajala tangu asubuhi. Kwa nini udongo wa barabara usipate heshima hiyo?

Wanyama nao wanachimba. Shambani kwangu, njia ya Sikonge, muhanga hupita usiku akitafuta mchwa na sisimizi. Asubuhi unakuta chungu ya udongo mbichi na alama za kucha zake nene, yeye mwenyewe huwezi kumwona. Wengi wakiona shimo lake wanamlaani, na ni kweli ng'ombe wa plau anaweza kuvunjika mguu humo. Lakini akishalihama, shimo halikosi mpangaji: nungunungu, chatu, au ngiri. Ngiri huingia kinyumenyume ili meno yake yatazame mlangoni. Nimewahi kukutana na macho yake nikiwa nimeinama kuchungulia, na tangu siku hiyo sijachungulia tena.

Shimo la kifusi nalo lina mpangaji wake, na huyo anatuumiza hata sisi tusiolisogelea. Mbu anayeeneza malaria huku hupenda maji yaliyotuama, yenye jua, yasiyo na majani mengi. Ndiyo maji ya mashimo ya kifusi na ya matofali. Maji yakiwa ya vuguvugu, yai linaweza kuwa mbu kamili kwa siku kumi hivi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliukuta mkoa wetu unaongoza nchini kwa malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano, asilimia 23. Tunagawiwa vyandarua huku tukimfugia mbu bwawa nyuma ya nyumba.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka amri ya kumtaka aliyeharibu mazingira ayarejeshe. Ninachoomba ni kwamba, kabla kijiko hakijagusa ardhi, mkataba utaje shimo litakavyoachwa, na sehemu ya malipo izuiliwe mpaka mwenyekiti wa mtaa na wananchi wafike pale na kuona kazi imekamilika. Kama udongo wa kufukia hautoshi, basi kingo zilazwe ziwe mteremko, shimo liwe lambo la kunyweshea mifugo. Kijiko kilichochimba kwa wiki nzima hakishindwi kubaki siku mbili kulaza kingo. Na sisi wafyatua matofali tusijifiche nyuma ya wakandarasi. Mashimo yetu ni madogo ila ni mengi, na tunayajua moja moja.

Wazee walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Huku kwetu mchimbaji alishahama na mashine zake, yuko mkoa mwingine, na wanaoingia ni watoto wasiojua hata kifusi kile kilikwenda wapi.

Zimebaki wiki chache tufike Novemba. Mtoto yule sasa ana miaka tisa, na mbuzi wa baba yake bado anawachunga palepale.

Mkazi wa Manispaa ya Tabora