Msidai Bumu Peke Yake: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Serikali za Wanafunzi

Wajukuu zangu, viongozi wa serikali za wanafunzi vyuoni na wa TAHLISO, jumuiya yenu ya vyuo vya elimu ya juu,

Salaam nyingi. Nimekaa nyuma ya dirisha la uhasibu wa chuo mpaka nikastaafu, na hapo nimewaona viongozi wa wanafunzi wa kila aina: wenye sauti, wenye hoja, na wachache wenye vyote viwili. Nawaandikia kwa sababu kila vyuo vinapofunguliwa nasikia dai lilelile: bumu, ile fedha ya chakula na malazi, liongezwe. Sibishi. Chakula kimepanda, vyumba vya mitaani vimepanda, na kubebana hosteli wanne kwenye kitanda cha mmoja si maisha ya msomi. Ila hebu tuulizane. Mwaka wa masomo 2022/23 bumu lilipanda kutoka Sh 8,500 kwa siku hadi Sh 10,000. Mlishangilia, na mlistahili. Leo hiyo 1,500 iko wapi? Mama ntilie wa nje ya geti anajua ilikokwenda.

Tena mnasahau kwamba bumu nalo ni mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Kila shilingi mnayoongezewa inaandikwa kwenye deni lenu. Kinachoamua kama deni hilo litalipika au litawazeesha ni kanuni, na kanuni ndizo sijasikia mkizipigania.

Nawapigia hesabu, maana ndiyo kazi niliyoijua. Kulikuwa na tozo ya 6% kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo. Chukueni mhitimu anayedaiwa Sh milioni 10, mwenye mshahara wa Sh 700,000. Kwa kiwango cha zamani cha 8% angekatwa Sh 56,000 kwa mwezi, sawa na Sh 672,000 kwa mwaka. Tozo peke yake ni Sh 600,000. Kwa hiyo mtu anakatwa mwaka mzima, na deni linashuka kwa Sh 72,000 tu. Rais Samia alipotangaza Mei Mosi ya 2021, kule Mwanza, kwamba tozo hiyo inafutwa, na baadaye adhabu ya 10% kwa waliochelewa kulipa nayo ikaondolewa, wahitimu walipata nafuu ambayo hakuna bumu lingewapa. Na hazina haikutoa mkopo mpya hata mmoja. Ni kifungu tu kilichofutwa.

Sasa kuna hili la kukatwa 15% ya mshahara. Sheria ilirekebishwa mwaka 2016, makato yakapanda, na watu waliosaini mikataba ya 8% wakashtuka kwenye hati zao za mshahara. Kubadilishiwa masharti katikati ya safari ni uonevu, na nilisema hivyo wakati ule. Lakini siungi mkono wanaotaka turudi 8% kwa wote. Bila ile tozo, mhitimu wangu wa Sh 700,000 akikatwa 15% anamaliza deni lake kwa takriban miaka minane. Kwa 8% ni karibu miaka kumi na mitano, na muda wote huo fedha anayodaiwa haijarudi kumsomesha mdogo wake. Mfuko unaozunguka polepole unawanyima walio nyuma yenu.

Palipo na kasoro ni kumkata kwa kiwango kilekile mwenye mshahara wa laki nne na mwenye wa milioni nne. Kodi ya mapato ina ngazi, kwa nini makato ya mkopo yasiwe nazo? Halafu mwangalieni aliyejiajiri. Yeye anatakiwa alipe 10% ya kipato au Sh 100,000 kwa mwezi, kiasi kilicho kikubwa ndicho kinachochukuliwa. Binti mwenye digrii anayefuga kuku na kubaki na Sh 300,000 kwa mwezi anadaiwa theluthi ya riziki yake. Mwenzake aliyeajiriwa kwa kiasi hichohicho anakatwa Sh 45,000. Halafu tunashangaa kwa nini aliyejiajiri anabadilisha namba ya simu! Hapo ndipo pa kukomaa: ngazi kwa wote, na kiwango cha chini cha laki moja kiondoke.

La pili ni ratiba. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anadahiliwa, anapanda basi na begi lake, halafu anakaa chuoni akisubiri majina ya waliopata mkopo, awamu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jina likitoka, anaweza kukuta amepewa chakula na malazi kamili lakini ada amepewa sehemu tu. Mitihani inafika, ada haijatimia, haruhusiwi kuingia. Basi anachukua bumu analipia ada, na analala njaa kihalali. Nimewapokea wengi wa namna hiyo dirishani. Daini kanuni moja: barua ya udahili na barua ya mkopo zitoke pamoja, na ya mkopo ioneshe kiasi cha ada kwa miaka yote ya kozi. Mzazi akijua mapema kwamba pengo ni laki sita, atauza mbuzi au atamshauri mtoto achague chuo kingine. Akilijua Desemba, ameshakwama.

Vyuo vyenyewe navyo visijifiche nyuma ya Bodi. Najua tunavyopanga ada, nimekaa kwenye vikao hivyo. Ada inayotangazwa ni ile nzuri ya kuvutia, halafu kuna usajili, kitambulisho, mitihani, tahadhari, maendeleo, na jina lolote litakalobuniwa mwaka huo. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ina meno ya kutosha kukagua ubora wa vyuo. Iyatumie pia kuagiza kila chuo kitangaze gharama zote kwa jumla moja kabla ya maombi kufunguliwa, na ada ya mwaka wa kwanza isiguswe mpaka mwanafunzi ahitimu.

Hata kuomba kwenyewe kunagharimu. Ada ya maombi ya mkopo, vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vya kuhakikiwa RITA, mhuri wa mwanasheria, intaneti ya stesheneri. Mtoto wa kaya ambayo TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, inaijua kwa jina hana sababu ya kulipia uthibitisho kwamba ni maskini.

Neno kuhusu namna ya kudai. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, likiwemo la kukatwa mishahara. Malalamiko yao yalikuwa na uzito. Lakini bango moja lilisema afadhali ukoloni, na Mwalimu hakusikia kingine chochote. Karibu 400 walirudishwa makwao, na yeye akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa 20%. Hoja ikazikwa na bango lake.

Kwa hiyo andikeni. Sheria ya Bodi ni Namba 9 ya mwaka 2004, Sura ya 178. Isomeni pamoja na marekebisho yake kabla ya kuomba kikao na yeyote. Bunge la Bajeti huanza Aprili, na makadirio ya wizara hupita kwanza kwenye kamati, hivyo waraka wenu uwe Dodoma kufikia Februari. Mkisubiri Novemba, bajeti imeshapita na mmechelewa, hata mkijaa barabarani. Kurasa mbili zinatosha, pamoja na hesabu ya mwanafunzi mmoja kuanzia siku ya kuomba mkopo hadi siku ya kumaliza deni. Na mkichagua wajumbe, wawepo wa uhasibu na wa sheria. Wenye sauti wabaki kuwahamasisha wenzao.

Wenu,
Bibi, mhasibu mstaafu
Iringa