Msiigeuze Biblia Kuwa Ramli: Barua kwa Vijana wa Kanisa Letu, Kisauni

Wanangu na wajukuu zangu,

Bwana asifiwe.

Jumatano iliyopita nilikuwa nimeketi nyuma kabisa, karibu na dirisha, mlipomzunguka dada yenu aliyepata barua ya kazi ya Saudia. Mliomba kwa bidii, na kuomba kwenu kulinigusa. Kisha mkampa Biblia. Akafumba macho, akaifungua popote ilipofunguka, akaweka kidole. Kidole kikaangukia Mwanzo 12, pale Abramu anapoambiwa atoke katika nchi yake na jamaa zake. Ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Mimi ulimi uliniwia mzito, nikaondoka bila kusema neno, na tangu usiku ule sijapata raha. Nilikosea kwa kunyamaza. Kwa hiyo naandika.

Kufumba macho na kuweka kidole ni ramli. Sisi wa Pwani hatuhitaji mwalimu wa kutueleza ramli ni nini. Anayekwenda kupigiwa bao hataki kufundishwa. Anataka kuambiwa ndiyo au la, alipe, aondoke. Kumbukumbu la Torati 18 inamtaja mtu “atazamaye bao” katika orodha ya machukizo, na haibadiliki kuwa halali kwa sababu bao lenyewe limekuwa na jalada jeusi na kurasa 1,000 na zaidi. Najua hamkukusudia hivyo. Mlimtaka Mungu aseme. Lakini Mungu alikuwa ameshasema mengi katika kitabu kile kile, na hakuna aliyekifungua akiwa amefumbua macho.

Nalijua kosa hili kwa sababu nimelilipia.

Mwaka 1991 nilikuwa karani wa kuhesabu shehena bandarini Kilindini. Nilikuwa na akiba ya miaka tisa. Akaja mtu na ploti Mtwapa, futi 50 kwa 100, bei nzuri, haraka haraka kwa sababu eti kuna mwingine anaitaka. Usiku nikaomba, nikafungua Biblia kama mlivyoifungua ninyi, nikakuta Yoshua 1:3: “Kila mahali zitakapopakanyaga nyayo za miguu yenu, nimewapa ninyi.” Niliruka kitandani. Mama watoto aliniuliza neno moja tu, “Umeiona hati?” Nami nikamjibu kwa ule mstari, tena kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye asiyeamini. Asubuhi nilikwenda Mtwapa, nikaizunguka ploti kwa miguu yangu pembe hadi pembe, nikalipa. Haikupita miezi minane, mwenye ardhi hasa akajitokeza na hati miliki yake iliyotolewa kabla mimi sijazaliwa. Aliyeniuzia hakuwa na kitu ila maneno. Akiba yote ikaenda. Mwanangu wa kwanza alikaa nyumbani mwaka mzima kwa kukosa karo, na kila asubuhi nilimwona ameketi kizingitini akiwatazama wenzake wakienda shule.

Nilimkasirikia Mungu. Niliona kwamba ameniahidi, kisha akanigeuka. Ilinichukua miaka miwili kukubali kwamba ahadi ile haikuwa yangu. Aliambiwa Yoshua, mtumishi wa Musa, akiwa ukingoni mwa Yordani na taifa zima nyuma yake. Karani mwenye haraka hakutajwa.

Nilipoanza kusoma tena, nilisoma kwa unyonge, kitabu kimoja kimoja, sura kwa sura. Nikafika Yeremia 32. Nisikilizeni hapa, maana sura hii ndiyo iliyonirudisha.

Yerusalemu umezingirwa na jeshi la Babeli. Yeremia mwenyewe amefungwa katika uwanda wa walinzi. Neno la Mungu linamjia: Hanameli, binamu yako, atakuja kukuambia ununue shamba lake la Anathothi. Basi, huyu nabii, aliyezoea sauti ya Mungu kuliko sisi sote, hakimbii sokoni. Anangoja. Hanameli anakuja kweli, anasema maneno yale yale, na hapo ndipo Yeremia anaandika: “Ndipo nikajua ya kuwa neno hili ni neno la BWANA.” Ndipo! Kisha tazameni anavyonunua. Anapima fedha kwa mizani, shekeli 17. Anaandika hati, anaitia muhuri, anaita mashahidi nao wanatia sahihi. Hati ni mbili, moja imefungwa kwa muhuri na moja iko wazi. Zote mbili anampa Baruku, mwandishi wake, mbele ya watu, ziwekwe katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Ukirudi nyuma hadi Mwanzo 23 utamkuta Ibrahimu akinunua pango la Makpela kwa shekeli 400, mbele ya wana wa Hethi wote waliokuwa langoni mwa mji wao. Watu wa ahadi, wote wawili, na bado walitaka mashahidi.

Nililia siku ile. Uongozi nilioutafuta kwa kidole ulikuwa umeandikwa wazi, na mke wangu alinipa wote kwa swali la maneno mawili. Mithali 14:15 inasema mjinga huamini kila neno, bali mwenye busara huangalia sana aendavyo. Mstari huo nao ulikuwamo ndani ya Biblia ile ile niliyoishika usiku ule, kurasa nyingi mbele.

Na nyote mnaupenda Yeremia 29:11, “nayajua mawazo ninayowawazia ninyi.” Nauona kwenye simu zenu kila alfajiri, pamoja na picha za maua. Ni neno tamu, nami nalipenda. Lakini ni sehemu ya barua. Iliandikwa kwa mateka walioko Babeli, na mstari wa kumi, ule uliotangulia, unawaambia itapita miaka 70 kabla ya kurudi. Wengi walioisikia walijua watazikwa huko huko. Mpaka hapo wafanye nini? Wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, na mstari wa saba wautakie amani mji ule na kuuombea, kwa maana katika amani yake nao watapata amani. Ukitaka kujua mapenzi ya Mungu kwa mkaaji wa Mombasa, anza hapo: jirani, mtaa, maji taka yanayopita mlangoni pa mwenzako. Wala hatuko peke yetu mjini. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika hapa mwaka 1844, alimzika mkewe na kichanga chao mwaka ule ule, ng'ambo upande wa Nyali. Mwaka huo huo akaanza kuitafsiri Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia lugha alikuwa kadhi wa Mombasa. Kila ninapoifungua Mwanzo nalikumbuka hilo, na naona haya ninaposikia kijana wetu akimtolea jirani yake Mwislamu maneno ya dharau.

Kuna msemo mwingine unaonitia hofu, huu wa “Mungu amefungua mlango.” Yona alipomkimbia Mungu, alikuta Yafa merikebu iendayo Tarshishi, nafasi ipo, nauli anayo. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Na Matendo 27, Paulo aliwaonya wasiondoke bandarini, lakini upepo wa kusini ulipovuma taratibu wakaona mambo yamekaa sawa, wakang'oa nanga. Sisi tunaojua kusi inavyoweza kuanza kwa upole tungewaelewa. Watu 276 walikuwa chomboni, na usiku wa kumi na nne bado walikuwa wakitupwa huku na huku baharini.

Mtaniuliza: je, mitume hawakupiga kura kumpata Mathiya ashike nafasi ya Yuda? Walipiga, Matendo 1, baada ya kuomba, na baada ya kuchagua kwanza watu wawili waliojulikana mwenendo wao tangu ubatizo wa Yohana. Lakini baada ya Roho kushuka katika sura ya pili hatuwaoni tena na kura. Lilipokuja jambo zito la watu wa Mataifa, sura ya 15, walihojiana sana, wakamsikiliza Petro, wakawasikiliza Barnaba na Paulo, Yakobo akayanukuu maneno ya nabii Amosi, kisha ndipo wakaandika: “ilimpendeza Roho Mtakatifu na sisi.” Roho, na sisi. Kazi ile ya kuhojiana ndiyo mliyomnyima dada yenu.

Kwa hiyo, binti yangu, sikuambii usiende. Sijui. Ninachotaka ni kukaa nawe. Mkataba umeandikwa kwa lugha unayoielewa? Wakala amesajiliwa, na wewe umethibitisha, si yeye aliyekuambia? Mtoto atabaki na nani, na huyo nani amekubali kwa moyo au kwa aibu? Mama yako asemaje? Unakimbia nini hapa, kama kipo? Biblia inakuamuru umtunze mtoto, uwaheshimu wazazi, usiseme uongo kwenye fomu, usiache deni la watu. Yaliyo wazi tuyatimize kwanza. Yakobo 1:5 anasema anayepungukiwa na hekima aombe kwa Mungu, awapaye wote kwa ukarimu, “wala hakemei.” Neno hilo la mwisho ndilo linalonipa ujasiri wa kumwendea hata nikiwa nimechelewa, nimekosea, nimepoteza ploti.

Kuhusu kusoma, sina mengi. Someni kitabu kizima. Marko ina sura 16, mtu aweza kuimaliza kwa wiki moja akiwa kwenye foleni ya feri ya Likoni. Mithali ina sura 31, moja kwa kila siku ya mwezi. Someni kabla ya kuishika simu. Siku nyingine hutasikia chochote. Funga Biblia, nenda kazini.

Jumatano hii nimemwomba mwenyekiti wenu anipe saa moja. Tutaanza Yeremia, sura ya kwanza, na tutakwenda mpaka ya 52 hata ikituchukua mwaka. Kila mmoja aje na Biblia yake. Nawe binti, njoo na ule mkataba, na mama yako kama ataweza. Nimezungumza na wakili mmoja muumini wa kanisa letu. Atakuwepo, na hatatoza kitu.

Babu yenu,
mzee wa kanisa