YAH: Mhimili wa mkanda usiofika unapoamriwa, na fundi wenu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Salamu. Masharti ya dhamana mnayajua kuliko mimi, siyarudii.

Mhimili wa mita 4 mliotuuzia, yaani reli ambayo mkanda unavuta kitoroli juu yake, haufiki unapoamriwa. Kitoroli kikitokea kushoto kinasimama hapa, kikitokea kulia kinasimama pale, tofauti milimita 0.7. Skrini inadai kimefika. Itakosaje kudai, na enkoda iko kwenye mota? Inahesabu mizunguko tu. Mkanda ukivutika, au meno yakicheza ndani ya puli, haina habari. Na kwamba tofauti haizidi milimita 0.1, mliandika ninyi.

Jumanne fundi wenu alikuja. Aliudonoa mkanda kwa kidole, akausikiliza, akakaza bolti mpaka beringi ikaanza kuunguruma. Kisha akanigeukia mbele ya vijana wangu wote 6: "Mashine haina tatizo. Vifundishe hivi vitoto vyako kusoma geji." Akaondoka.

Naomba mnisome vizuri hapa. Kidole! Mwongozo wenu wenyewe unataka mvutano wa mkanda upimwe kwa masafa ya mtetemo, na kifaa chake kilikuwa begini mwake, zipu haikuguswa. Geji ilikuwa imebanwa relini, inasoma 0.7, shubiri moja kutoka mkono wake. Hakuitupia jicho. Aliwatazama watu wangu, akacheka, akasema "vitoto". Kimoja cha hivyo vitoto kina mjukuu.

Tena kabla ya hapo, siku ileile ya kufunga mashine, niliwaandikia kwamba kibano kimeng'ata meno 3 tu ya mkanda. Mlijibu nitapigiwa simu. Naisubiri.

Nilipokaa kuandika nilitaka mkanda mpana zaidi, wenye nyuzi za chuma, na kibano kinachong'ata meno ya kutosha. Basi. Sasa nataka na beringi aliyoiua fundi wenu, na enkoda ya pili kwenye kitoroli chenyewe, na yeye mwenyewe aje awaombe radhi watu wangu, amesimama mbele ya geji ileile.

Nawapa siku 7. Ya 8 tunaung'oa mhimili, tunaushusha getini kwenu, tunadai fedha zetu zote, na mazungumzo yatakayofuata mtayafanya na wakili wetu. Picha za geji anazo tayari.

Wenu, mteja (bado),
Msimamizi wa Karakana